Mwaka Aliosemewa Baba

Juzi jirani aliniletea viazi ndani ya gunia lililowahi kubeba kahawa. Viazi nikavimwaga kwenye ungo, gunia nikabaki nalo mkononi, nimeliweka puani kama mtu anayenusa mtoto mchanga. Mume wangu akaniuliza kama sasa nimeanza kula magunia. Nikamwambia aendelee na redio yake. Mimi ni mtu wa nyumbani, sitoki hovyo. Safari zangu nyingi nimezifanyia jikoni, na hiyo ya juzi ilinipeleka mbali kuliko basi la Kasulu. Ilinirudisha kwenye ghala la kahawa la Muyama, Alhamisi mchana, nimevaa sweta na jua linawaka.

Sweta lile lilikuwa la uongo. Sisi wa rika letu tunakumbuka: mtoto aliyevaa sweta juani, ameshikwa mkono na wazazi wote wawili, anapelekwa zahanati, na hakuna anayemsimamisha mtu anayekwenda zahanati kumuuliza maswali. Basi kila Alhamisi nilivalishwa sweta la kijani lenye kiwiko kimoja, nikaambiwa nikunje uso, tukavuka vilima viwili kwenda Muyama, mahali ambapo hakuna aliyetujua. Nilikuwa na miaka tisa, na hata wakati ule nilipenda kukaa jikoni kuliko kutembea, kwa hiyo kukunja uso hakukunipa shida.

Ilikuwa ile miaka ambayo malori yalipita na wakimbizi kuelekea kambini, nasi watoto tukiyapungia mkono bila kujua tunapungia nini. Nyumbani kwetu habari kubwa ilikuwa malaria ya mama. Malaria ile ilikuja baada ya saa sita mchana, na ilipenda siku za gulio. Ilimfanya acheke kwanza, kisha alie, kisha alale na kanga zake vilevile. Ilikuwa na harufu pia, lakini mimi nilidhani kila malaria ina harufu yake. Baba ndiye aliyeniambia ni malaria, na baba alikuwa mzee wa kanisa, mtunza funguo, katika kanisa ambalo hata ukipita karibu na mtungi wa pombe ulipaswa kupita haraka. Akisema malaria, basi ni malaria.

Niwaeleze baba yangu. Jina lake Yonasi, na alikuwa mzito wa kuanza kusema. Hakuwa na kigugumizi. Neno lilikuwepo, ila lilivaa viatu kwanza kabla ya kutoka. Majirani walitania kwamba ukimsalimia Yonasi "mwakeye" asubuhi, upite tena mchana uchukue jibu lako. Mama, mzaliwa wa Gwarama kule Kibondo, alijibu kabla hujauliza. Ndoa yao ilikwenda hivyo: baba anafungua mdomo, mama anatoa maneno, na kazi zinafanyika.

Namna baba alivyolipata lile ghala niliisikia baadaye, kwa mama. Alikuwa amesikia kwamba wako watu walioacha pombe na wanakutana, lakini wapi, hakujua, na kuuliza ni kazi kwa mtu kama yeye. Alikwenda gulio la Kasulu mara tatu, akasimama mara tatu mbele ya duka la Bwana Sefu, mtu wa pwani, akanunua chumvi mara tatu. Mara ya nne Bwana Sefu akamwambia, "Mzee Yonasi, ama unafuga ng'ombe mia, ama una neno. Chumvi yote hii ya nini?" Baba akalitoa neno lake, likachukua muda wake. Bwana Sefu hakucheka. "Nenda Muyama, ghala la kahawa, Alhamisi baada ya adhuhuri. Mimi ndiye ninayewauzia sukari. Mtu akiacha pombe anakula sukari kama mchwa anavyokula mlango."

Ni lazima mjue pia kwa nini watu wale walihitaji ghala. Kwetu kila jambo lilikuwa na mtungi wake. Mahari ina mtungi, msiba una mtungi, waliokusaidia kulima unawashukuru kwa mtungi, na mtu akikukosea anakuletea mtungi, mnakunywa pamoja kwa mirija, kosa linakwisha. Anayeacha pombe anabaki hana hata pa kusamehewa. Mzee Zakaria, aliyeanzisha kikao kile, alikuwa mtoto wa watu waliovuka mpaka zamani kutoka Burundi, na yeye mwenyewe alikunywa hadi akauza mlango wa nyumba yake. Alichukua utaratibu wa wazee wa suluhu, akaondoa mtungi tu. Kwenye suluhu ya kwetu aliyekosa hajisemei. Anakaa kimya, ndugu yake anamsemea. Kwa hiyo ghalani watu walikuja wawiliwawili, mke na mume, mtu na kaka yake, mmoja wa kusema na mmoja wa kunyamaza.

Siku ya kwanza tulikaribishwa tukakalishwa juu ya magunia. Walikuwepo watu kumi na wawili hivi, na birika kubwa la chai ya tangawizi.

"Karibuni," alisema Mzee Zakaria. "Hapa kanuni ni moja. Aliyekosa hana mdomo. Anasikiliza anavyosemewa, kuanzia kahawa hii hadi kahawa ijayo. Akivuka msimu hajagusa, tunamrudishia mdomo wake, anasema mwenyewe. Basi, msemaji wenu asimame."

Baba akasimama. Alikuwa amejiandaa njia nzima. Vilima vyote viwili nilimwona akitikisa kichwa peke yake. Akafungua mdomo. Tukangoja. Kunguru akatembea juu ya bati kutoka upande huu hadi upande ule. Mtu mmoja akakohoa. Na mama, ambaye hakuwahi kuvumilia ukimya unaozidi kuchemka kwa maji, akasema pale alipokaa, "Tumekuja kwa sababu ya pombe. Kwetu imeingia na hatujui tuitoe vipi."

"Ahsante, mama," alisema Mzee Zakaria. "Umesema vizuri." Kisha akamshika baba begani kwa upole, akamrudisha kwenye gunia. "Na wewe ndugu yangu, kaa. Usione haya. Sote tulikaa hapo."

Baba akafungua mdomo tena. Fundi baiskeli mmoja aitwaye Gervasi, aliyekuwa karibu naye, akaweka kidole midomoni. "Tulia, mzee. Wewe huna mdomo."

Hivyo ndivyo baba yangu, ambaye hajaonja hata togwa iliyolala, alivyogeuka mlevi. Mimi kwenye gunia langu niliona mambo mengi yamejieleza. Kumbe ndiyo maana hasemi haraka. Kumbe ndiyo maana mama anaugua.

Njiani kurudi mama alimuuliza, "Kwa nini hukusema?"

Tulipanda kilima cha kwanza, tukashuka, tukaanza cha pili. "Ulikuwa umeshaanza," baba akasema.

"Alhamisi tutawasahihisha."

"Ee."

Alhamisi ikafika. Lakini mke wa Gervasi alikuwa amemletea baba kikombe chake peke yake, chai yenye vijiko vinne vya sukari, na watu waliinuka kumpa mkono kwa sababu amerudi. Wengi, walisema, hawarudi mara ya pili. Ni vigumu kuwaambia watu waliosimama kwamba wamemsimamia asiyehusika. Halafu Mzee Zakaria akasema, "Mama, tueleze mtu wako anavyokunywa." Na mama akaanza.

Sijawahi kumsikia mtu akisema kweli kama ile. Alisema kwamba mtu wake anaficha kibuyu chini ya majani makavu ya migomba, na kila siku anahamisha, na siku nyingine anasahau alikohamishia, anatafuta huku analia. Anaaga kwamba anakwenda kupalilia na jembe linarudi kavu. Anajiapiza asubuhi, na saa sita anakuwa ameshapata sababu. Anaogopa siku za gulio kama watu wanavyoogopa nyoka, na anazingoja. Alisema yote hayo akitazama birika, na baba kando yake ameinamisha kichwa. Watu wakaitikia, "Ego, ndivyo," maana walijijua wote humo.

Sasa ninajua kwamba kama angetakiwa kuyasema kwa kujitaja, asingesema hata nusu. Wakati ule nilijua jambo moja tu: jembe la baba. Nilianza kulikagua. Kila jioni lilirudi na udongo mbichi, nikahitimisha kwamba ni mjanja, anapaka. Nilitafuta kibuyu migombani, nikakipata, nikakipasua kwa jiwe nikijua ninamwokoa. Nilinusa kikombe chake kila alipokiweka chini. Siku moja akanikuta na pua ndani.

Alinitazama kwa muda wake wa kawaida. "Umenusa?"

"Ee, baba."

"Kuna nini?"

"Chai."

"Basi malizia."

Nilimalizia, na sikumwamini hata kidogo.

Lakini malaria ya mama ilikuwa imepungua. Wiki ya kwanza alitetemeka, hakulala, akala sukari kwa mkono. Wiki ya nne alikuwa anaimba akitwanga. Mimi niliona ni kwa sababu baba ameanza kubanwa. Na kwa kuwa nilikuwa mtoto mwenye huruma na mdomo, tabia mbili ambazo hazifai kukaa nyumba moja, niliamua kusaidia.

Katika shule ya Jumapili mwalimu wetu alikuwa na desturi ya kutuuliza mahitaji ya kuombewa. Watoto wengine walitaja bibi mgonjwa, mbuzi aliyepotea. Mimi nikanyoosha mkono, nikasimama wima, nikasema, "Naomba tumwombee baba yangu aache pombe."

Mwalimu akaniambia nirudie. Nikarudia kwa sauti zaidi, nikidhani hakusikia.

Jumatano wazee wa kanisa walimwita baba, na mchungaji akamuuliza mara tatu. Mama alikuwa ameitwa pia, akakaa kando yake kwenye kiti cha kukunja. Haya mama alinisimulia nikiwa mtu mzima, akiwa anachambua maharage, bila kunitazama. Mchungaji alisema, "Mzee Yonasi, neno hili limetoka nyumbani kwako. Ni kweli au si kweli?" Neno moja tu lingetosha kumtoa baba pale, na neno hilo lilikuwa limekaa kando yake. Mama alingoja alitoe. Safari hii, alisema, baba hakuwa anatafuta neno. Alikuwa amelipata zamani, akaliacha mahali lilipo. Mama naye, mwepesi wa kujibu kuliko watu wote wa kata ile, hakusema kitu. Ilikuwa wiki yake ya saba. Alisema aliona kama akifungua mdomo, zile wiki saba zote zitatoka.

Wakachukua funguo. Wakampa benchi la nyuma, lile la waliotengwa, karibu na mlango, ambapo hupewi kusoma, wala kuomba, wala kushika sahani ya sadaka. Jumapili ile alikaa pale katika koti lake la harusi, magoti yamemfikia kifuani kwa sababu benchi lilitengenezwa fupi, sijui kwa makusudi. Mimi nilikuwa mbele na watoto, na niligeuka kumtazama mara nyingi hadi nikafinywa. Nilitegemea kuona amefurahi, kwamba sasa anasaidiwa. Akanipungia vidole viwili.

Siku hiyo mama hakurudi nasi. Tulimpata jua likishuka, migombani kwa jirani, amekaa chini na miguu ameinyoosha kama mtoto. Harufu ilikuwepo. Nilikwisha kuijua ile harufu ghalani, watu waliielezea kila wiki, na bado akili yangu ikapata njia ya kuzunguka: nikahitimisha kwamba baba amemwambukiza. Baba alimwinua akamtegemeza begani, na njia nzima nilitembea mbele yao nikiwa nimebana pua ili nisiwe wa tatu.

Alhamisi tulikwenda kama kawaida. Sweta, vilima, magunia. Mama akasimama.

"Jumapili mtu wangu alianguka," alisema.

"Kwa sababu gani?" akauliza Mzee Zakaria.

"Alimwona mwenzake ametiwa aibu mbele ya watu kwa ajili yake. Akashindwa kukaa na hilo."

Watu wakamtazama mama kwa huruma, na baba kwa huruma ya aina nyingine. Gervasi akampiga baba mgongoni taratibu. "Kuanguka ni kwa watu, mzee. Unajipangusa. Tunahesabu upya kuanzia leo." Baba akatikisa kichwa kukubali, kwa niaba ya aliyehusika.

Basi msimu ukahesabiwa upya, na safari hii ukaenda. Kahawa ya msimu ule ikauzwa, ghala likabaki tupu lenye harufu tu; mvua zikaja, tukafika Muyama na matope hadi magotini; wengine waliacha kuja, wengine walirudi wamekonda. Mama alisema kila Alhamisi. Baba alisikiliza kila Alhamisi, na kila Jumapili alikaa benchi la nyuma. Miti ikatoa maua meupe, kisha buni, kisha buni zikawa nyekundu, magunia yakaanza kupangwa tena. Msimu mmoja na siku kadhaa tangu Jumapili ile, Mzee Zakaria akasema, "Yonasi, simama. Leo tunakurudishia mdomo wako."

Watu wakapiga makofi. Walikuwa wamekaanga karanga kwa ajili yake. Baba akasimama, akawatazama mmoja mmoja, akamtazama mama, kisha akaketi. Hakuwa amekosa neno. Alikuwa anampisha.

Mama akasimama badala yake. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alichukua muda.

"Huyu hajawahi kunywa," alisema. "Siku ya kwanza alikuja kunisemea mimi, nikamwahi. Kibuyu ni changu. Jembe kavu ni langu. Jumapili ile nilianguka mimi. Leo ni msimu mmoja sijagusa."

Hakuna aliyepiga makofi. Nilisikia karanga ikivunjika mdomoni mwa mtu. Mimi kwenye gunia langu nilikuwa nakihesabu kile kikombe, lile jembe, mkono wangu ulionyooka shule ya Jumapili, na nikatamani sana kuwa nyumbani.

Aliyevunja ukimya ni Gervasi. "Mzee Zakaria, hapa kuna tatizo la utaratibu. Aliyekosa hana mdomo, si ndiyo? Huyu mama ameongea mwaka mzima. Hakuna mtu aliyeongea hapa kumzidi."

"Hata mwenyekiti," akasema mke wake.

Kicheko kikaanza kwa mwanamke mmoja nyuma, kikazunguka ghala zima, kikamfika mama mwenyewe, akacheka huku anafuta macho. Mzee Zakaria peke yake hakucheka, alikuwa anaamua. "Siku alizokaa bila pombe ni zake," alisema mwishowe. "Hizo hakuna wa kumpokonya. Ila mdomo ameutumia kabla ya kupewa. Huo ataurudisha. Kuanzia leo hadi kahawa ijayo, mama, utanyamaza, na mumeo atafanya kazi aliyoijia."

La kanisani niliseme hapa ili lisitusumbue. Mama alikwenda mwenyewe kwa mchungaji, akakaa benchi la nyuma miezi mitatu. Baba alirudishiwa funguo, baada ya kuongezewa Jumapili mbili kwa kosa la kuwaficha wazee. Mimi nilisimama tena mbele ya watoto nikatangaza kwamba nilikosea, baba hanywi, aliyekuwa anakunywa ni mama, na mwalimu akaniomba nisilete hitaji lingine mwaka ule.

Lakini hayo yalikuwa mbele. Pale ghalani Mzee Zakaria alikuwa anasema, "Haya, Yonasi. Msemee mkeo."

Baba akasimama. Mama akahamia kwenye gunia la baba, akabana mikono katikati ya magoti. Tukangoja. Chai ikapoa vikombeni. Niliona midomo ya mama ikianza kulitengeneza neno la kwanza, kisha ikafungwa kwa nguvu hadi ikawa myeupe. Alilijua neno lile. Mimi nililijua. Nadhani hata Gervasi alilijua. Hakuna aliyempa.

"Mke wangu," akasema baba, kisha akapumzika kama mtu aliyetua mzigo nusu ya kilima. Na mama, ambaye tangu waoane alikuwa anammalizia mtu yule sentensi zake, akainamisha kichwa, akamngoja.